Katambuga Chini ya Msumeno

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, anakusalimu. Unasema msumeno wako mpya wa nakshi unatetemeka.

Wa baba yangu ulitetemeka hivyohivyo kwenye karakana yake mtaani Gerezani, miaka ya hamsini, nikiwa mwanafunzi wake, tukichonga mlango wa bwana harusi mmoja. Tulikaza kila skrubu, lakini nyembe zilivunjika, ukabaki mmoja.

"Na huu ukikatika, mlango wa bwana harusi ndiyo basi," baba alisema.

Kimyakimya nikakata katambuga za marehemu babu yangu, vile viatu vyake vya mpira wa tairi, nikazipachika chini ya miguu ya mashine. Ikatulia. Tukamaliza mlango. Ila nilipoweka kiganja mezani, nilihisi hatua za mtu anayechechemea, kama babu alivyokuwa akitembea.

"Umemsikia?" baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi skrubu usizikaze tena."

Weka mpira, Zuhura. Ukisikia mtu anachechemea, mwamkie.

Babu yako