Blogu ya Jethani Wangu

Jumatatu, 8 Januari 2007

Fomu za Tuzo za Baraza la Blogu zimefunguliwa. Kila mwanachama apendekeze blogu tano za hapa India, lugha yoyote, na aseme kwa nini anapenda kila moja. Kuna sharti jipya — jina lako halisi na mji wako vitawekwa hadharani. Mwaka jana watu walijipendekeza wenyewe kwa majina bandia. Bwana mmoja wa Lucknow alijipendekeza mara kumi na nne, mara mbili akijifanya mjane.

Mwisho Jumamosi. Naandika haya darasani, wasichana wanadhani nasahihisha ramani zao. Nimeangalia tatu. Mto Narmada unapanda mlima katika zote.

Jumatano, 10 Januari

Nne hazikunipa shida.

Karani mstaafu wa Mysore, anayeandika kwa Kiingereza kuhusu vituo ambavyo treni hazisimami tena. Namsoma polepole, kamusi pajani, lakini simwachi. Halafu yule dada wa Pune anayepiga picha mabango ya maduka yaliyokosewa tahajia. Za Kihindi: msaidizi wa zahanati huko Bihar, anaandika wagonjwa wake bila kuwataja, na kila mara naapa kamwandika shangazi yangu. Na mzee wa Kanpur anayegombana na dunia nzima kuhusu nukta na mkato. Sijawahi kukubaliana naye. Siku asipoandika naona chai haina sukari.

Ya tano ndiyo yenyewe. Dirisha la Jikoni. Mwandishi anajiita Ukwaju. Wasomaji wake wanabishana ni nani — wengi wanasema ni profesa wa Delhi, mwanamume, anajifanya mwanamke. Mimi peke yangu ninajua. Sasa hivi yuko uani anamenya njegere.

Dada Hemlata, Dada Hema kwangu. Mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Kwa neno letu moja: jethani wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchapa. Unaandika kwa herufi za Kiingereza, mashine inageuza kuwa Kihindi. Siku ya kwanza aliandika jina lake mara ishirini, kisha akaondoka. Sasa anaandika saa nane hadi saa kumi mchana, wanaume wakiwa kazini na Mama mkwe amelala. Ni saa mbili hizo tu alizo nazo.

Jumapili, 14 Januari

Sankranti, sikukuu ya mavuno. Ladu za ufuta mpaka meno yanauma. Shemeji Vishwanath — mume wa Dada Hema — alirusha kishada kimoja kikakatwa na watoto wa jirani, akasema upepo mbaya.

Fomu nilituma jana dakika za mwisho, Mama akiniita nikakoroge asali ya miwa. Kwa Dirisha la Jikoni niliandika hivi: "Jiko hili nalijua. Mwandishi ni jethani wangu, na hakutia chumvi popote ila kwenye mboga." Nilijiona mwandishi kwelikweli. Nikabonyeza, nikaenda kukoroga.

Dada Hema sijamwambia. Akishinda, itakuwa zawadi.

Alhamisi, 18 Januari

Mjinga mimi. Mjinga mwenye shahada na cheti cha ualimu.

Wakati wa chakula cha jioni Shemeji alikuwa anamsimulia mume wangu Pramod habari za Dubey wa ofisini kwao, idara ya umeme. Dubey naye ana blogu, ya vichekesho, na amependekezwa. Orodha ikitoka Jumamosi ataisoma neno kwa neno aone nani kamsifu na nani kamruka. "Ofisi nzima tutasomewa," akasema Shemeji, akavunja chapati.

Nikaiweka chapati yangu chini. Jina langu: Devyani. Mji: Jabalpur. Na neno jethani. Pramod ana kaka mkubwa mmoja tu duniani, na ndiye huyo aliyekuwa anaomba dengu. Dubey amekula Diwali nyumbani kwetu mara tatu. Hahitaji hata kufikiri.

Mwaka jana mke wa jirani alichapishiwa barua yake gazetini, kuhusu mifereji tu, na Shemeji alisema mke wa mtu hakai midomoni mwa watu. Hakupaza sauti. Yeye hapazi. Ataifunika kompyuta, ataipeleka ofisini "kutengenezwa," na haitarudi. Saa mbili za Dada Hema zitakuwa zimekwisha.

Halafu kuna ile ya Septemba. "Achari Haikuoza." Nyumbani kwetu mwanamke aliye kwenye siku zake hagusi achari, itaoza, wanasema. Ufunguo wa stoo anao Mama, huuacha nyumbani akitoka tu. Dada Hema aliandika kwamba kwa miaka kumi na tisa ameigusa siku zozote, na haijawahi kuoza. Hakutaja mtu. Na mimi nimekwenda kumtaja yeye.

Ijumaa, 19 Januari

Nimewaandikia Baraza barua pepe tatu. Kimya. Wako Bangalore, labda wamelala na orodha.

Leo saa nane nilimwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maana nilidhani nikikaa sitamaliza. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mdogo wangu," akasema, "hukuwa na neno lingine?"

"Lipi?"

Akafikiri kweli, kama anatafuta bizari iliyowekwa mbali. "Hakuna," akasema. "Ndilo hilo."

Kisha akachukua daftari la zamani la mwanawe, la hesabu, akaanza kunakili makala zake kwa mkono. Moja baada ya nyingine. Nikamwambia nimsaidie, akasema hati yangu mbaya. Ilipofika saa kumi alikuwa amenakili sita. Ziko themanini na tatu.

Nimejichukia leo. Naliandika hapa lisipotee.

Jumamosi, 20 Januari

Alhamdu — hapana, sisi husema Ram Ram, lakini mwalimu mwenzangu Shabnam ndiye aliyekuwa kando yangu orodha ilipofunguka na yeye ndiye aliyesema, nami nikaitikia.

Nimesoma mara kumi. Majaji wengine hawajui Kihindi, kwa hiyo Baraza wametafsiri mapendekezo yote kwa Kiingereza na kuweka Kiingereza peke yake. Na Kiingereza hakina jethani. Kina neno moja tu kubwa, kapu la kila mtu: dada wa mume, dada wa mke, mke wa kaka, mke wa shemeji, wote humo. Ndilo waliloweka. Mwandishi ni ndugu wa kike wa upande wa ndoa. Basi. Anaweza kuwa yeyote kutoka Kashmir hadi baharini.

Miaka yote nimewaambia wasichana kwamba Kiingereza ni lugha tajiri. Jumatatu nitanyamaza.

Nilikimbia nyumbani nikamnong'oneza Dada Hema kwenye karai la vitunguu. Alishika ukingo wa meza. "Umaskini wao umeniokoa," akasema, akacheka mpaka vitunguu vikaungua. Mama akauliza sebuleni nani anaunguza. Tukasema mimi.

Ile ya chumvi wameitafsiri kama mapishi. Si neno.

Jumatatu, 22 Januari

Kumbe bado.

Dubey kasoma. Dubey anajua Kiingereza cha kutosha, na anajua Shemeji ana dada. Kwa hiyo leo asubuhi ofisini: "Hongera bwana, dadako mwandishi!" Yaani wifi yangu Madhulika, aliyeolewa Nagpur.

Shemeji amerudi na sanduku la peremende. Shemeji, yule wa mke wa mtu hakai midomoni! Akapiga simu Nagpur hapohapo, sisi wote tukiwa tumesimama. Madhulika tangu utoto hajawahi kurudisha sifa iliyomfikia kwa bahati mbaya. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Tulimsikia kwenye simu: "Ah, Kaka, vitu vidogo vidogo tu, nikipata nafasi." Shemeji akatabasamu mpaka masikioni. Akampa Dada Hema peremende ya kwanza, akamwambia, "Umeona? Damu yetu."

Dada Hema akaila. Akasema tamu.

Baadaye, kwenye kamba ya nguo, nikamwuliza kama imemuuma. "Nimepumua," akasema. "Kwanza nimepumua. Hayo mengine nitayajua kesho." Akabana shati la Shemeji kwa vibanio vinne, wakati viwili vinatosha.

Mimi leo nitapata usingizi. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumatano, 24 Januari

Ameandika tena! Kuhusu peremende za mtu mwingine. Maoni kumi na saba tayari. Mzee wa Kanpur kasema makala bora ya mwaka, ila mkato mmoja umezidi.

Ijumaa, 26 Januari

Siku ya Jamhuri. Bendera shuleni, ladu moja kila mtoto, saa nne nikawa nyumbani. Shemeji na Pramod wamekwenda kwenye gwaride. Naandika juu ya paa, kwenye jua.

Saa tano Mama alisema anataka kusikia maandishi ya binti yake. Nikatoa kitambaa kwenye kompyuta. Dada Hema alikuwa sakafuni na sinia la mchele, anachambua mawe. Nikachagua isiyo na hatari, ile ya mama mkwe anayenusa maziwa kabla hayajachemshwa na kuyanusa tena yakichemka.

Mama alicheka mpaka akavua miwani. "Ndiye yule mama wa Nagpur! Siku ya harusi alinusa maziwa yetu mbele ya watu." Dada Hema akainamia sinia. Mimi nikakohoa. Mama hunusa maziwa mara tatu.

"Lakini wewe unasoma kama unaita mahudhurio," akaniambia. "Mpe Hemlata. Hemlata ana sauti."

"Mama, nachambua mchele."

"Mchele hautakimbia. Soma ile ya achari. Dubey kamwambia Vishwanath kuna ya achari."

Nilimwangalia Dada Hema, naye hakuniangalia. Akajifuta mikono, akakaa, akaifungua. Mama akalivuta sinia kwake ili lisikae bure. Na Dada Hema akasoma. Ana sauti, kweli. Alisoma kuhusu ufunguo uliofungwa kwenye pindo la sari, na rafu ya juu, na mtungi uliofunikwa kitambaa na kufungwa kwa utepe mwekundu wa shule. Hapo kwenye utepe Mama aliacha kucheka. Utepe huo ni wa Madhulika, wa darasa la sita, na uko stoo kwetu mpaka leo.

Nikawaza niangushe kitu. Nikawaza nizimie. Umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi, tii. Na Dada Hema akaendelea kusoma.

"Mwaka wa kwanza niliigusa kwa kusahau," akasoma, kwenye kioo cheusi. "Mwaka wa pili kwa hasira. Tangu wa tatu, kwa sababu mtoto alitaka achari, na aliyekuwepo nyumbani ni mimi."

Nilinyoosha mguu nimguse. Nilichelewa. Alisikia friji imenyamaza, ndipo naye akanyamaza.

Mama aliokota jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Endelea."

"Umeme umekatika, Mama."

"Nimeona. Umekatika zamani."

Huko nje watoto walikuwa wanaimba wimbo wa taifa, wamekosea mstari, wakaanza upya. Dada Hema mikono pajani, uso umemwisha damu. Tangu niolewe katika nyumba hii sijawahi kumwona hivyo, na nilijua ni mimi niliyemfikisha hapo, kwa neno langu moja zuri.

"Hemlata," akasema Mama. "Leo uko kwenye siku zako?"

Anajua. Tangu juzi Dada Hema hajakanyaga chumba cha sala.

"Ndiyo, Mama."

Mama akafungua fundo kwenye pindo la sari. Lilimchukua muda, vidole vyake siku hizi havimtii. Akautoa ufunguo, akamnyooshea.

"Basi kalete achari. Ya limau. Wanaume watarudi na njaa."

Dada Hema hakuupokea mara moja. Kisha akaupokea. Alipofika mlangoni Mama naye akainuka, magoti yakilia, akamfuata stoo. Mimi sikuitwa. Nikapanda huku na shajara.

Wako ndani bado, wote wawili. Mlango umerudishwa, ila dirisha la stoo liko chini yangu hapa. Nimesikia kifuniko cha mtungi kikiwekwa chini. Mama amesema kitu kirefu, kwa sauti ndogo, nimeshika maneno mawili tu — "hata mimi." Dada Hema anacheka, au analia, toka huku juu siwezi kujua. Skuta ya Shemeji inaingia getini. Anaita nani yuko jikoni, na hakuna anayemjibu.