Jicho la Fardosa

Garissa, Jumanne

Bado namkasirikia, ingawa hasira yenyewe haisaidii kitu tena.

Fardosa, mwalimu mwenzangu ninayeishi naye, huvaa lenzi kwa sababu miwani humwingia ukungu akivaa nikabu. Mwanzoni alikuwa mwangalifu sana: ananawa kwa sabuni, anakausha vidole, anabadilisha dawa ya lenzi kila jioni. Kisha dawa ikakosekana madukani, akaanza kuziloweka kwenye maji ya tangi. Nilipomkanya alicheka. "Abaayo, dada yangu, si maji haya haya tunakunywa?"

Leo nimempeleka kliniki. Jicho la kushoto limevimba na kuwa jekundu, hata mwanga hauvumilii. Daktari aliposikia habari ya maji alilimulika tena jicho, kisha akasema kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Anahofia ni vijidudu vya majini. Kesho twende Nairobi, na hata huko hakutuahidi kwamba ataona.

Njiani nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, nikayameza.

Jioni mama yake alipiga simu kutoka Wajir, nikapokea mimi.

"Mwalimu, jicho ya Fardosa imepona?"

Fardosa alikuwa amejilaza, kitambaa usoni. Akatikisa mkono: nisimwambie.

"Linaendelea vizuri, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akaanza kuniombea dua mimi, kwa kumtunza binti yake. Ndefu. Nikaitikia amina mpaka mwisho.