Mama Sabuni Achimba Maji Koboko

Jumatatu, 2 Februari
Mafuta ya mawese yamefika kutoka Kongo, mapipa yote mazima. Sufuria motoni kabla ya chai. Kiwanda kinanukia. Wachuuzi kutoka Ayivu wamemaliza miche yote ya sabuni ya wiki jana, baiskeli zao zimejaa langoni. Furaha. Kisha hasira: fundi Drani, mwenye mashine ya visima, amepiga simu. Kisima cha Koboko ataanza kukichimba Alhamisi, si kesho. Sipendi kusubiri.

Koboko, huku Uganda, ndiko nilikofikia nilipokimbia vita Kongo, mtoto mgongoni. Hajati Mariamu alinipa chumba. Majirani walinigawia maji waliyochota mbali, nikachemsha sabuni yangu ya kwanza. Leo nina kiwanda Arua. Wao bado wanachota mbali. Kisima hiki ni chao.

Alhamisi, 5 Februari
Koboko. Mashine imenguruma tangu asubuhi kwenye kiwanja nilichonunua. Mtaa mzima umekuja na jerikeni. Vumbi. Jioni, bado vumbi. Drani akazima mashine. "Mama, hapa maji hakuna. Iko jiwe tu."

Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mutu ya Kongo anatuchezea." Nimelia garini.

Ijumaa, 6 Februari
Drani amepima mtaa mzima. Dalili ya maji iko sehemu moja tu: uani kwa Hajati, palepale anapotaka kujenga vyumba vya kupangisha. Matofali yake yako tayari. Uzeeni atakula kwa vyumba hivyo.

Nimekataa. Huyu mama siwezi kumwomba kitu tena. Drani ananiona mjinga.

Jumamosi, 7 Februari
Drani amemwambia! Hajati kanifuata mpaka nyumba ya wageni, buibui limejaa vumbi. Nimekaripiwa kama mtoto.

"Unanificha? Mimi iko mama yako ao hapana?"
"Hajati, vyumba vyako..."
"Vyumba nitajenga upande ya barabara. Chimba."

Nikasema basi nitavijenga mimi. Akasema hiyo tutagombana baadaye, kwanza maji.

Jumanne, 10 Februari
MAJI!

Kwanza tope. Tope jekundu likaruka juu, likamwagikia Drani, likanimwagikia mimi, kilemba changu kipya kwisha. Kisha maji meupe. Wanawake wakapiga vigelegele. Hajati akakinga viganja, akanywa, akasema, "Tamu." Yule mwanamume wa Alhamisi alikuja na jerikeni mbili, akanisalimia akitazama chini. Nilimjazia mwenyewe.

Sijawahi kushinda hivi. Siku kiwanda kilipofunguliwa nilifurahi, lakini leo nimecheza. Mimi, na magoti haya!

Tumegombana kuhusu vyumba. Nimeshinda hapo pia. Msingi utachimbwa wiki ijayo.

Jumapili, 15 Februari
Misa ya kwanza kanisani Ediofe. Kisha Koboko, bila kumwambia mtu.

Pampu ya mkono imeshawekwa. Hajati amelala ndani, sikumwamsha. Nilitaka kunawa uso tu. Nikasogea mbele hadi kwenye pampu.

Msichana mmoja mwenye jerikeni ya njano akanishika mkono. Simjui, hanijui. "Mama, pole. Mustari iko huku."

Nikaenda nyuma. Jua lilikuwa kali, mstari mrefu, wanawake wanaongea habari za harusi ya mtu. Nikasimama nao. Zamu yangu ilipofika, msichana yule alinipigia pampu.