Ukungu Juu ya Twiga Wako

Baba Kulwa, mume wangu uliyenishinda,

Leo nakuandikia nikiwa na hasira. Nimeshinda uani nikihangaika na ile sarafu yako ya fedha, shilingi ishirini na tano yenye twiga, na kila nilipoitazama nilikuona wewe na ubishi wako.

Unakumbuka ulivyoileta? Ulirudi Shinyanga kutoka Geita, vumbi hadi kwenye kope, baada ya kumwendesha yule mzungu wa kupima miamba msimu mzima. Akakuachia zawadi hiyo ndani ya kijisanduku chake kigumu. Nilikueleza siku ileile, mimi mwalimu wa kemia: hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotunza sarafu, si ya kununulia chumvi. Uso wake ni kioo. Ishike ukingoni, usiguse uso, usifute. Ukanijibu, "Sawa, mwalimu." Lo! Sawa yako naijua.

Kesho yake kijisanduku kikawa hakiingii kwenye mfuko wa shati. Ukaitoa, ukaitumbukiza kwenye kile kifuko laini cha plastiki cha kutilia kitambulisho, ukazunguka nayo mji mzima. Sokoni, gereji, hata msibani, jamani! "Umemwona twiga?" Kisha unampapasa shingo kwa kidole gumba kama ndama wako, unamfuta kwa pindo la shati. Nikipiga kelele unacheka. "Mama Kulwa, kwani atakufa?"

Hakufa. Ulitangulia wewe. Na kile kifuko kikatoa jasho lake taratibu, hadi twiga akafunikwa na ukungu wa kijani unaonata. Wiki hii Kulwa amekuja kuichukua, maana ulimwahidi, na hana kitu kingine chako cha kushika. Hata picha yako ya maana hatuna. Kila uliposimama mbele ya kamera uligeuza shingo kuongea na mtu. Ameitazama sarafu akanyong'onyea. "Mama, imeoza?"

Hapo mayu, mama yako, akatokea jikoni na majivu na ndimu, aisugue kama sufuria. Niliruka! Nikamwambia kwa heshima zote, "Mayu, hapana, ukisugua itakwaruzika na haitarudi tena."

"Mbona sufuria zangu zinang'aa?"

Mnafanana, nyie watu.

Basi nikasogeza jiko la mkaa mbali kabisa, maana asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, hushika moto upesi, nikaimimina kwenye bilauri, nikaitumbukiza sarafu, nikaiacha. Sikusugua hata kidogo. Dawa ilipochafuka nikabadilisha, nikarudia, nikaisuuza kwa maji safi ya maabara yaliyokeneshwa, nikailaza kwenye kitambaa laini ikauke yenyewe. Kulwa muda wote ananihemea mgongoni.

Ukungu ukatoka. Twiga akawaka mpaka nikaona mvi zangu pembeni yake. Isipokuwa shingoni. Pale kuna alama ya kidole gumba, mistari yote, pamoja na lile kovu lako la spana. Nikairudisha kwenye dawa, wapi! Mafuta ya kidole chako yalishaila fedha siku nyingi. Nilikutukana, Baba Kulwa, kwa sauti, hadi mayu akasikia.

Kulwa akasema sonara wa mjini anaweza kuing'arisha kwa mashine, alama ifutike. Nikaitazama tena, lile kovu, nikavuta kitambaa upande wangu. Nikamwambia, "Thubutu uone."

Nimemkabidhi ndani ya kijisanduku chake kigumu, ameapa kuishika ukingoni. Alisogeza kidole gumba chake juu ya alama bila kuigusa, akapima. Kinalingana. Kisha akatoka nayo barazani, nikamsikia akimwita jirani: "Njoo umwone baba."

Sasa nyie watu niwafanyeje? Pumzika, mbishi wangu.

Mkeo anayekukumbuka na kukukasirikia,
Mama Kulwa