Kikongwe na Aliyemgusa Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Wameahirisha tena! Wateja wameshatangaziwa, mimi nimeshajipanga kusasisha programu za Kikongwe — Bosi huyo, na kikombe chake mkononi, eti tusubiri, kuna mteja ana mnada wa mtandaoni wiki hii. Kila wiki kuna mteja ana jambo lake! Kikongwe ndiye seva yetu ya zamani kuliko zote. Nusu ya tovuti tunazozitunza zimo humo, na anazidi kuchoka.

Na kwa nini mimi? Kwa sababu ofisi yetu ina sheria. Haikuandikwa popote, lakini watu wanaishika kama dini: aliyeigusa seva mwisho ndiye mwenyewe. Mwaka juzi nilimkuta Kikongwe ameganda, nikamzima, nikamwasha. Basi! Tangu siku hiyo akikohoa tu naitwa mimi. "Dada, mtoto wako analia."

Jumanne, 5 Machi

Mama amepiga. Jumatatu anatolewa mtoto wa jicho. La kushoto lilishakufa, hili la kulia ndilo lililobaki. Safari iliyopita walishamvalisha gauni la upasuaji, mimi nikakwama kwa Kikongwe, naye akashuka kitandani. Haingii bila mwanawe kumshika mkono. Na yule daktari hupita mara chache tu kwa mwaka.

Leo hata hakulalamika. Ameuliza tu kama safari hii nitakuja, au asijisumbue. Bora angenifokea.

Nimemwomba Bosi ruhusa. Hakuna shida, anasema, ila nimalize kwanza Kikongwe. Nimalize nini, na wewe ndiye unayeahirisha?!

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu kumfundisha mwenzangu, Kasi (tunamwita hivyo kwa kuwa hana). Nikamwekea kiti, nikamwambia shika kibodi nikuelekeze. Jamaa akakaa, mikono ameibana kwapani! Eti yeye atatazama tu. Nilipomwambia abonyeze walau herufi moja, akakumbuka kuna mtu wa kumpigia simu.

Nimecheka, lakini kicheko cha hasira. Nimechoka na hawa watu.

Ijumaa, 8 Machi

Jumatatu asubuhi! Bosi amepanga sasisho Jumatatu asubuhi, kwa sababu mnada unakwisha Jumapili. Nikamkumbusha habari ya Mama. Akasema si nina laptop, nitafanya huko huko hospitali. Nikamwambia lazima awepo mtu karibu na mashine.

"Tupo sisi."

Sisi! Nimeondoka bila kuaga.

Jumatatu, 11 Machi

Korido ya hospitali. Naandika gotini, naacha, naendelea.

Sasisho lilienda vizuri. Vizuri mno, mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Mwisho Kikongwe alitakiwa ajizime na kuwaka upya. Akajizima. Hakuwaka.

Nikampigia Kasi aende chumba cha seva anisomee skrini. Akasoma: feni moja ina hitilafu, bonyeza F1 kuendelea. Moyo ukatulia. Kumbe hiyo tu! Feni tutabadilisha baadaye. Bonyeza, nikamwambia.

Akaanza kuita watu.

"Kasi, bonyeza!"

Akasema ngoja kwanza, wanashauriana. Wamesimama pale yeye, Bosi na dada wa huduma kwa wateja, wanaitazama skrini. Simu za wateja zinalia mpaka nazisikia huku. Nikamtaka Bosi. Bosi anasema yeye ni utawala, mambo ya kiufundi haingilii. Kidole kimoja, jamani! Nilipandisha sauti, korido nzima ikanigeukia. Nikawaambia basi mwiteni mlinzi wa getini abonyeze yeye!

Kasi alipiga tena, anahema. Mlinzi amefika, ameitazama seva, ameuliza: "Nikibonyeza, itakuwa yangu?" Amerudi getini.

Naona aibu kusema nilicheka. Halafu machozi yakanitoka, hasira tupu.

Sasa Bosi mwenyewe kapiga. Nichukue teksi, nije nibonyeze, nirudi, Mama hata sindano ya ganzi atakuwa hajachomwa. Tovuti zote za Kikongwe ziko chini, wateja wanatishia kuhama, na kama sitaki kuja basi nijue nimechagua nini. Hapo hapo muuguzi akafungua mlango akaniita: ni zamu ya Mama, na amesema haguswi mpaka mwanawe awepo.

Nikasimama mlangoni, simu sikioni. Mama keshalazwa, wamemvua miwani. Akanigeuzia uso, akanitazama sana.

"Samahani, muuguzi," akaniambia, "mwanangu hajafika bado?"

Mlango uko wazi. Bosi bado anaongea.