Nafasi Yako Kwenye Kioo

Nyumba ya Peradin,
Gornji Vrbanec,
karibu na Koprivnica.
11 Februari 2019

Mpendwa mwanangu Zvonko,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kama theluji iliyolala uani kwetu. Hujambo huko Stuttgart? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama lile trekta la marehemu baba yako? Heike hajambo? Na Lucija wangu, jino la mbele limeshaota? Nawaombea nyote afya njema, na naomba kwa moyo mmoja, hata leo ambapo moyo wenyewe umechafuka.

Mimi ni mzima kwa kiasi changu. Goti linaniuma baridi ikizidi, na macho siku hizi yanadai taa mbili badala ya moja, lakini mkono hautetemeki, namshukuru Mungu. Mchoraji wa kioo akianza kutetemeka, bora akauze vitunguu sokoni.

Nguruwe tulimchinja mapema Januari. Soseji zenu zinaning'inia kwenye moshi, mahali pale pale pa kila mwaka. Kila nikipita chini yake naziangalia kwa jicho baya, kana kwamba zina kosa.

Haya, salamu zimetosha. Kaa chini sasa. Kama Heike yuko karibu, mwombe akupishe kidogo, maana sipendi akuone unavyobadilika rangi.

Nilikwenda kuona maonyesho yako. Ndiyo, hukunialika. Paroko ndiye aliyeniambia baada ya misa, "Roza, picha za wanyama za mtoto wako zimetundikwa Koprivnica, mji mzima unazisema." Nikasema masikini, kijana ana shughuli nyingi, amesahau tu. Nikavaa koti langu la kijani, nikapanda basi, na kwenye kikapu nikatia chupa ya mafuta ya mbegu za maboga ili nimpe mwenye ukumbi ahsante kwa kukukaribisha. Angalia ujinga wangu!

Mbweha anayenusa barafu ni mzuri. Fisi maji mwenye samaki mdomoni ni mzuri zaidi. Kazi nzuri siwezi kuitukana hata nikiwa na hasira. Nilipita taratibu nikijisemea kwamba huyu ndiye mtoto niliyemlea baada ya mdogo wangu Barica kufariki, huyu ndiye aliyeshika brashi kabla hajajua kushika kijiko. Machozi yalinilenga kwa furaha. Nilitamani mama yako angekuwa hai ayaone.

Kisha nikafika ukuta wa mwisho, nikamkuta Franca.

Franca wangu, Zvonko! Korongo wetu, aliyekuwa akirudi kila mwaka kwenye dohani ya jiko la uani, ambaye nimemchora kwenye vioo vingi kuliko nilivyomchora Bikira Maria, Mungu anisamehe. Picha yenyewe ni kubwa kama mlango. Imepigwa kutoka juu yake. Mabawa ameyatandaza, mdomo ameupanua kuelekea angani, mayai manne yako chini ya miguu yake, na huko chini kabisa kwenye kamba nazitambua shuka zangu mwenyewe. Na kibao chini ya picha kimeandikwa, "Mapenzi ya Mama".

Watu walikuwa wamejazana hapo kama wako harusini. Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya akanishika mkono, "Jamani, ona anavyowakumbatia wanawe!"

Nikamwambia, "Hakumbatii mtu, bibi. Anapigana."

Alinitazama kama mgonjwa, akajiondokea. Mimi nikatafuta kiti, nikakaa.

Hebu tukumbushane. Mwezi wa tano mwaka jana, ulipokuja na kamera zako, nilikupa ufunguo wa dari ili umpige picha Franca kutoka dirishani, mahali ambapo mimi mwenyewe hukaa kuchora. Sharti lilikuwa moja tu. Hicho kidude chako cha kuruka, hiyo droni, kisikaribie kiota wakati ndege yuko juu ya mayai. Ukacheka, ukanibusu kwenye paji la uso. "Mama mkubwa, droni iko Stuttgart, hata sikuja nayo. Naapa kwa kaburi la mama." Nani alikutuma umtaje Barica? Mimi sikukuomba kiapo. Neno lako lilinitosha.

Nikaenda zangu hija ya Molve na wanawake wenzangu. Niliporudi alasiri nikamkuta mzee Mato Fuček langoni, amemshikilia Franca kifuani, amemviringisha kwenye koti lake mwenyewe. Bawa limevunjika, linaning'inia.

Mato namjua, na wewe unamjua. Jirani mwenye mdomo. Miaka yote alilalamika kwamba korongo wetu wanamchafulia paa, na akilewa alikuwa akisema atawachoma moto, wao na dohani yao. Siku ile hakuwa na utani. Alisema, "Roza, kulikuwa na kitu kinavuma juu ya kiota kama nyuki wakubwa. Huyu akapaa kukivamia, akajigonga kwenye waya wa umeme, akaniangukia kwenye mahindi."

Nikageuka kukutazama. Ulikuwa umekaa kizingitini unakula cheri. Ukatema kokwa, ukasema, "Mzee Mato, hao nyuki wametoka kwenye glasi ya rakija ya asubuhi, sivyo?"

Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba yako, mbele ya wanawake wote waliotoka hija. Nilimwita mwongo. Nilimwita muuaji wa ndege. Nikampokonya Franca mikononi, na koti lake nikalitupa matopeni.

Mengine unayajua nusu tu, kwa kuwa uliondoka siku ya tatu. Franca alikufa kwa daktari wa mifugo. Mayai yalipoa jioni ile ile. Dume alisimama juu ya kiota akigonga mdomo, ta-ta-ta-ta, akimwita mkewe, mpaka nikawa naziba masikio kwa mto. Kisha naye akahama kabla ya wakati.

Na Mato? Kwenye sherehe ya wazimamoto, yeye aliyekuwa akishika mpira wa maji kabla hujazaliwa, alikaa peke yake kwenye benchi refu na sahani yake. Hakuna aliyemgongea glasi. Watoto walimpigia makelele ya korongo njiani. Kanisani alihamia kiti cha nyuma kabisa, na baada ya mavuno akaacha kuja. Hayo yote niliyaona, nikasema shauri yake, amevuna alichopanda. Kumbe aliyepanda ni wewe, mwanangu, na mbegu nilikupa mimi.

Sasa nikuambie kinachoniuma hasa. Si droni. Droni ni kosa, na watoto hukosa. Ungeniambia siku ile ningekupiga kwa mwiko, ningelia, ningekununia wiki nzima, kisha ningekupikia. Kinachoniuma ni jioni ile mezani. Nilikuwa nalia juu ya supu. Ukatoa kitambaa chako, ukanifuta machozi, ukaniambia, "Usilie, mama mkubwa. Watu wengine hawana huruma na viumbe." Nami nikaona nina bahati kuwa na mtoto kama wewe, nikakuongezea nyama.

Zvonko! Picha ilikuwa tayari mfukoni mwako wakati unanifuta machozi!

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo hiyo nimeifua kwa mikono yangu, nimeipiga pasi. Ungeificha basi hiyo picha maisha yako yote. Ungeitupa mtoni Drava. Lakini umeikuza, umeiwekea taa, umeipa jina la mama. Mama yupi? Huyo aliyekufa na bawa limevunjika, au mimi?

Nani alikufundisha kutazama ndege? Ulikuwa na miaka sita, tukilala kifudifudi kwenye nyasi kavu za darini, na ulikuwa huwezi kutulia, ukitaka ndege ageuke, ukitaka arushe bawa, ukitaka umrushie kokoto. Nilikuwa nakubana mguu. Nilikuambia mnyama haamrishwi. Unamngoja mpaka akusahau, na akishakusahau ndipo anakuwa mwenyewe, ndipo unamchora. Ulikuja kulijua hilo kuliko mimi. Yule fisi maji ulimngoja, inaonekana. Kwa nini Franca hukumngoja? Alikuwa wa nyumbani, ndiyo maana?

Kutoka kwenye maonyesho sikuingia ndani kwangu. Nilishuka kwenye basi nikaenda kwa Mato. Asubuhi ile, kabla ya basi, nilikuwa nimeoka mkate wa maboga, nikapita tu kuuchukua dirishani kwangu. Nikamwambia yote, nimesimama kwenye theluji, yeye upande wa pili wa lango. Hakufungua. Unajua alivyo, hata kwenye huzuni hakosi neno.

"Mkate wako mtamu, Roza, najua, nimeunusa tangu asubuhi," akasema. "Lakini mimi sikutukanwa na mkate. Aliyefanya aje aseme kwa mdomo wake, mlangoni pa kanisa, watu wakiwepo. Wewe umeshamsemea mara moja. Inatosha."

Akaingia ndani. Mkate nikauacha juu ya nguzo ya lango, na asubuhi ulikuwa bado upo, ndege wadogo wanaudonoa.

Kwa hiyo jambo lenyewe ni hilo, sina kona za kupita. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ni mwezi ujao. Siku zile dume atarudi kutoka Afrika, akipenda, na atakuta dohani tupu. Kabla ya hapo nataka upande gari lako, uje Jumapili, usimame mlangoni pa kanisa baada ya misa, useme, "Ni mimi." Usiseme Kijerumani, usiseme maneno ya magazetini. Sema kama mtoto wa hapa. Kisha uende na koti jipya kwa Mato, maana lile la zamani halikutakata.

Nimebakiza habari ya picha ya Lucija.

Wakati wa Krismasi aliniambia kwenye simu, "Bibi Roza, nichoree korongo wako, na baba yuko dirishani anampiga picha. Baba mweke mbele kabisa." Nikaanza siku ile ile. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisumbua chini ya meza, kwa nini nachora jicho kabla ya kichwa? Kwa sababu kwenye kioo tunapaka nyuma, na kinachopakwa kwanza ndicho kinachokaa mbele daima. Hakifunikiki. Utakachopaka baadaye kitakwenda nyuma yake, hata ungepaka ndoo nzima ya rangi. Basi nilianza na jina langu pembeni, kisha jicho la Franca, kisha wewe. Nilikuchora vizuri, Zvonko. Nywele zako, kamera yako, na ule mkunjo wa shavu unapobana jicho moja, ambao ni wa Barica mtupu. Nilikuacha ukauke, nikaenda kuona maonyesho.

Juzi nimekukwangua kwa wembe.

Ilinichukua asubuhi nzima, maana ulikuwa umeshika barabara. Shavu ndilo lililokuwa la mwisho kutoka. Sasa dirishani pa dari, mahali ulipokuwa, pamebaki kioo kitupu ndani ya fremu ya dirisha niliyoichora, na mandhari bado sijaipaka. Kioo nimekiegemeza kwenye dirisha la jikoni. Nikikaa kunywa kahawa, kupitia tundu lako naliona lango la Mato, limefungwa, na theluji juu yake.

Ukija, nitakuchora tena. Sitakuweka dirishani na kamera, nitakuweka langoni pale, kofia mkononi. Usipokuja, nitapaka anga juu ya tundu hilo na picha nitaituma hivyo hivyo. Ahadi ya mtoto haivunjwi kwa kosa la baba. Lucija ataitundika chumbani kwake, na siku moja atakuuliza, "Baba, mbona wewe haumo?" Hapo utamjibu mwenyewe. Mimi sitakuwepo kukujibia tena.

Nisalimie Heike, mwambie zile mbegu za maua alizonipa nimezitunza pakavu. Mbusu Lucija kwenye pengo lake, au kwenye jino kama limeota. Hapa shangazi yako Jalža anakusalimu, na paroko pia, ambaye bado anakusifia kwa kila mtu kwa sababu sijamwambia kitu. Hiyo ni kazi yako.

Mungu awalinde njiani na nyumbani, akuondolee kikohozi, na akupe ulimi wa kusema kweli ungali unasikika.

Ni mimi wako ninayekupenda, na laiti nisingekupenda, nisingeumia hivi,

Mama yako mkubwa,
Rozalija