Siku Tatu za Temeke Si Siku Tatu za Mlimani

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mdogo Nakunda,

Shikamoo yako imenifikia ndani ya barua, nami nimeiitikia kwa sauti ingawa niko peke yangu chumbani: marahaba, marahaba sana. Mimi sijambo, ila goti la kushoto, ambalo hunitangulia kujua mvua. Je, kifua chako kimetulia? Na mke wa mwanao, yule aliyetapika, amepata nguvu za kusimama?

Naanza na huyo kwa sababu kosa ni langu. Nzige walipomaliza mahindi na Bwana Shamba akawaamuru mpande muhogo mchungu, uliniuliza unavundikwa majini siku ngapi ili sumu yake itoke. Nikakujibu kama hakimu: siku tatu. Mkatimiza siku tatu kidimbwini, muhogo ukatoka mgumu, mkauanika na kuusaga hivyohivyo, mkwe wako akaugua. Sasa waandika kwamba majirani wanauita mmea wa kichawi, nawe unataka kung'oa shamba zima utupe. Nakusihi usitupe, wala usile, mpaka umalize barua hii.

Nilimsomea barua yako Bi Mwajuma, jirani yangu Mzaramo, anayevundika muhogo kwenye mitungi nyuma ya nyumba yake. Ndiye aliyenipa zile siku tatu.

"Mzee Elieza, nani alikwambia ni tatu tu?"

"Wewe."

"Uliniuliza kiangazi! Kipupwe nangoja nne, hata tano. Huko kwenu mnakolala na mablanketi mawili, itakuwa tatu?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Miaka yangu yote ya kazi nilisoma kipimajoto cha shamba la serikali asubuhi na jioni, na bado nilikuwa nimesahau kwamba maji ya kwetu ni baridi.

Nikamwomba mitungi mitatu, nikaitia muhogo na maji. Mmoja nikauweka juani, mmoja chumbani, wa tatu nikauvika gunia nililolilowesha kutwa ili upepo uupoze. Kila jioni nilipima joto la maji, kisha nikasimamisha sindano ya gunia juu ya kipande cha muhogo, nikaiwekea jiwe lilelile, nikaangalia imezama kiasi gani. Bi Mwajuma akipita husema, "Unampimia bwana harusi kanzu, au muhogo?"

Wa juani ulilainika siku ya pili, wa chumbani ya tatu, wa gunia ya tano. Lakini kilichonifunza ni namna ulivyolainika. Sindano haikuzama kwa kadiri ileile kila siku. Mwanzoni ilikaa juu kama juu ya ubao, na mwishoni ikaporomoka ghafla. Nyama ya muhogo imeshikana kama matofali kwa udongo, na wanaoula udongo huo ni vijidudu wasioonekana kwa macho. Huanza wachache, kisha huzaana: mmoja wawili, wawili wanne. Idadi ya vizazi inayohitajika ni ileile hapa na huko. Kinachobadilika ni urefu wa kizazi kimoja. Baridi haiwaui, huwachelewesha. Muhogo wenu wa siku tatu haukuwa umefika nusu ya kazi. Kazi ilikuwa haijaanza kuonekana. Na ukuta usipobomoka, sumu haitoki. Uchawi haumo.

Nimechora mstari kwenye karatasi, joto upande huu, siku upande ule, nikaurefusha mpaka kwenye ubaridi ninaoukisia wa kidimbwi chetu. Mstari huo unaniambia siku nane. Umbo la mstari nina hakika nalo. Ubaridi sina hakika nao, maana maji hayo niliyaacha ningali kijana, na ninachokumbuka ni meno kuuma. Kwa hiyo usifuate namba yangu mara ya pili, fuata sindano. Nimeifunga katika kifurushi hiki pamoja na jiwe lake, na nimeitia alama kwa tupa. Kuanzia siku ya sita, ijaribu kila jioni kwenye kipande kinene kuliko vyote. Isipofika alama, rudisha muhogo majini, hata majirani wakicheka. Ikifika, ukamue, maji yake uyamwage mbali na mbuzi, uanike mpaka ukauke kabisa, ndipo usage. Unga ule wa kwanza ufukie.

Nisalimie shemeji yangu seremala; najua atasema sindano ile ingemfaa yeye, usimpe. Mkwe wako mwambie mjomba wa mumewe anamwomba radhi. Na shangazi yetu, aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za maharage, mwambie bado nahesabu.

Nawe nijibu jambo moja tu: sindano ilifika alama siku ya ngapi. Nitaitia hesabu hiyo kwenye mstari wangu na kuusoma kinyume, kutoka siku kwenda kwenye joto, ili nami nijue tena maji ya nyumbani yana baridi kiasi gani.

Ni mimi kaka yako,
Elieza